Chuma au boriti: tulivyong'oa nguzo zetu wenyewe Kisauni

Wakuu na wenzangu wa ukurasa huu wa wasomaji, salamu kwenu nyote, wa bara na wa mwambao.

Kila juma nasoma mabishano yenu hapa: nyumba ya leo ijengwe kwa chuma au kwa boriti? Na anayebisha sana ni yule ambaye hajajenga hata banda la kuku.

Mimi nimejenga. Nitaeleza yaliyotupata bila kutia chumvi. Mume wangu akiisoma, na aisome.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Neema, ndiyo kwanza aanza kutambaa. Nimesoma misheni hadi sekondari, kwa hivyo asiniandikie mtu kwamba mwanamke hajui kitu. Mume wangu, Daudi, afanya kazi bandarini.

Tulikuwa tumepanga chumba Changamwe. Boriti za dari zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa ndani, kwa nje zaonekana nzima kabisa.

Asubuhi moja nikiwa uani nafua, boriti moja ikakatika. Ikaangukia mkeka anaolalia Neema.

Siku hiyo alikuwa mgongoni kwangu. Sisemi zaidi. Nilimwambia Daudi, masika yajayo hayanikuti chini ya dari hii.

Akapata kiwanja huku Kisauni, ndani ya shamba la minazi la mzee mmoja wa Kiarabu.

Kwa msio wa huku: pwani mtu aweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi. Ardhi ni ya mwenyewe, wewe walipa kodi ya kiwanja, na nyumba ni yako. Akikwambia ondoka, wabomoa, wabeba miti yako, waenda zako. Kama ni haki au si haki, hilo si la leo.

Siku ya kuonyeshwa kiwanja tulikwenda sote, na Elija, kaka yake Daudi. Wanaume wakabaki barazani na mwenye shamba wakinywa kahawa. Mimi nikaingia ndani kumwamkia mkewe, Bibi, kama ilivyo adabu.

Bibi akampakata Neema, akamsifu mashavu, kisha akaniambia polepole:

"Mwanangu, karibuni sana. Lakini waambie wenzio, hapa hapapandwi mnazi wala hapajengwi kwa saruji. Mzee hataki kitu cha kushika ardhi yake."

"Abee, Bibi. Nimesikia."

Nilielewa mara moja. Mwenye kupanda mnazi leo, kesho husema na chini ya mnazi ni kwake.

Njiani nikawaambia wote wawili. Daudi akamtazama kaka yake. Elija akacheka.

"Hayo ni maneno ya jikoni, shemeji. Sisi barazani hatukuambiwa neno."

Elija wakati wa vita alikuwa akiunganisha mabanda ya chuma ya jeshi. Vita vilipokwisha, kempu zikavunjwa na vyuma vikauzwa. Akanunua vya kutosha nyumba yetu. Kwake yeye boriti ni mambo ya mababu.

Sasa kupima kwenyewe, maana ndiko mnakobishania.

Chuma hakiliwi na mchwa. Hilo ni kweli, na baada ya yale ya Changamwe nilikitaka, sikatai. Chafungwa kwa bolti, hakipindi.

Lakini nilikwenda mwenyewe kuvitazama kabla havijaletwa. Upande uliokuwa ukipigwa na upepo wa bahari, kutu ilikuwa yatoka kwa ukucha. Tena chuma ni laini. Ukizifunga fito kwa kamba ya kumbi za nazi, kamba yateleza, na fito zisiposhika, udongo wa ukuta utashika nini? Lazima utoboe kila mahali. Na mafundi wa kutoboa chuma Kisauni wahesabika.

Boriti nayo, ikiwa ya mkoko mzuri uliokatwa mwezi ukiwa mdogo, yadumu. Ikikatwa mwezi mkubwa wadudu hawachelewi. Kamba yaishika, udongo waishika, na fundi yuko kila mtaa. Ila chini lazima uipake lami, la sivyo mchwa wapanda.

Nikasema tutumie boriti. Elija akaniambia:

"Shemeji, wewe umesoma vitabu. Mimi nimesoma chuma."

"Basi ujisomee na udongo," nikamwambia.

Daudi, bwana mwenye nyumba, akasema kaka ajua zaidi.

Wakachimba mashimo, wakasimika nguzo za chuma, wakazimiminia saruji miguuni. Mimi napeleka chakula huku natazama. Chumba cha Changamwe tulikuwa tumeshakirudisha, na mtu mwingine ameshaingia. Vyombo vyetu viko kwa jirani, mimi na mtoto twalala kwa watu, na mawingu yaanza kukusanyika.

Saruji ilipokauka, mwenye shamba akaja na bakora yake. Akagonga nguzo ya kwanza. Akagonga ya pili. Hakupandisha sauti.

"Nimewapa mahali pa kukaa. Sikuwapa mahali pa kuota mizizi."

Daudi akasema, "Mzee, sisi hatukuambiwa."

"Wallahi, mliambiwa. Mgeni wangu hasomewi masharti na kikombe cha kahawa mkononi, hiyo ni aibu kwangu. Bibi alimwambia mkeo. Bibi yangu hasemi yake, asema yangu."

Wote wakanigeukia. Hata Elija!

Nikasema, "Niliwaambia."

Mzee akawatazama wale wanaume wawili, akatikisa kichwa. "Basi ng'oeni kabla ya mvua," akasema, akaenda zake.

Wakuu, mwajua kazi ya kung'oa saruji iliyokauka? Walipiga nyundo mpaka viganja vikachubuka. Kila nguzo ikatoka na bonge lake mguuni. Ikabidi wazikate kwa msumeno juu ya bonge, na zilipokatwa zikawa fupi, hazifai kuwa nguzo tena.

Elija akakaa juu ya chuma chake. Daudi akaniuliza, "Sasa tufanyeje, Mama Neema?"

Sasa ndipo naulizwa!

Nilimbeba mtoto nikarudi kwa Bibi. Nikamuuliza: kama nguzo zote zitakuwa za boriti, bila saruji, je, Mzee atakataa chuma kikiwa juu, kwenye paa?

"Ngoja nimsikilize," akasema.

Kesho yake jibu likaja, kupitia kwake tena:

"Mzee asema, juu ni kwenu, chini ni kwake."

Tukajenga hivyo. Boriti zimepakwa lami na kuzikwa bila saruji, fito na udongo kama kawaida. Vile vyuma vifupi vikalazwa juu vikafungwa bolti, na paa la makuti likakaa juu yake. Hakuna mti uliolala juu ya kichwa cha mwanangu.

Mvua ilitukuta chumba kimoja tu ndicho kilichokandikwa. Ukuta wa jikoni ukachukuliwa na maji wote, twaukandika upya hadi leo. Lakini chumba kile kilikuwa kikavu, na Neema alilala mpaka asubuhi.

Elija alipokuja akainua macho akatazama paa.

"Si nilisema chuma ni kizuri?"

Nilimpa mtoto amshike, nikatoka nje. Ningebaki ningesema neno lisiloandikika gazetini.

Nilichojifunza ni hiki. Boriti na chuma vyote vina ubaya na uzuri wake, na hapa kwetu mwambao mimi naona boriti chini, chuma juu. Lakini hilo ni la pili. Kabla ya kumwita fundi, jua ardhi ni ya nani na hataki nini. Na huku kwetu hutalisikia hilo barazani. Huambiwa mkeo ndani. Akikwambia, umeambiwa.

Haya, andikeni. Mwenye chuma aseme, mwenye boriti aseme, hasa waliojenga juu ya ardhi ya mtu.

Ila wewe unayetaka kuanza na "mama, punguza hasira", usipoteze stempu yako.

Mama Neema,
Kisauni