Mwanamume Aliyepikia Wiki Nzima

Jirani yangu wa zamani kule Birongo amefariki. Habari zilinifikia asubuhi nikiwa bado nusu usingizini, simu sikioni, na kabla sijasema pole nikasikia harufu ya chinsaga, ile mboga yetu chungu inayopikwa kwa maziwa, kana kwamba mtu amefunua chungu chumbani mwangu. Sijui kama pua nayo huomboleza. Siku ile nzima nilitembea mjini Kisii kama niliye ndotoni, nikisikia mvua ya mwaka mwingine.

Mwaka huo mkewe alikuwa amefariki na kumwachia mabinti wawili wadogo. Kwetu mwanamume akifiwa hivyo huharakishwa kuoa, au watoto hupelekwa kwa bibi yao, maana jikoni si mahali pake. Yeye hakutaka lolote kati ya hayo. Mama yake alipokuja kutoka Gesima kuwachukua, alimsihi amwachie kwanza. "Sawa," mama akasema. "Lakini siku nitarudi nipate hawa watoto hawajakula, naenda nao. Na sitakuuliza."

Akaanza vibaya. Chinsaga aliichemsha upesi upesi kama sukuma wiki, akapakua. Wasichana walitafuna huku machozi yakiwatoka. Mimi niliyepita kuazima jembe nikakaribishwa mezani, nilikwenda kutema nje. Mtu aliyekula mboga hiyo tangu aote meno, hajui inapikwaje! Wanaume wenzangu, msicheke, nanyi mngepakua hiyo hiyo. Kesho yake akaenda sokoni kumuuliza mama mboga, naye akamcheka kweli kweli. "Umekula miaka yote na hujawahi kuuliza? Chemsha mpaka ilainike, mwaga maji, tia maziwa, wacha ilale. Kesho pasha, tia maziwa tena. Usiikimbize."

Neno hilo la kulala lilimkaa kichwani. Alikuwa Msabato, na kwao chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa kabla ya jua kuzama. "Kama Ijumaa inabeba Jumamosi," aliniambia, "mbona Jumapili isibebe wiki?" Basi Jumapili akawa anapika chungu cha chinsaga na sufuria kubwa ya maharagwe, akavipasha kila siku visiharibike. Akirudi kutoka kuchuma chai, kazi iliyobaki ni kusonga ugali wa wimbi tu. Masika mboga zilijaa. Kiangazi zilipokauka, maharagwe yale yale yalipata ndizi ndani na parachichi kando. Vijana wa sokoni wakamwita mke wa mtu. Aliitika.

Mama yake alirudi Jumatano moja jioni, bila taarifa, mvua ikimiminika, na mfuko mtupu wa kutilia nguo za watoto kwapani. Nilikuwa nimejikinga mvua pale. Jirani yangu alikuwa ndiyo kwanza afike, ameloa chepechepe, lakini ugali ulikuwa mezani kabla mama hajakauka miguu. Bibi akala. Kisha akauliza, "Nani amewaletea hii?"

"Ni tata amepika," akasema binti mkubwa, kwa jina tunalomwitia baba.

Mama akamgeukia mwanawe. "Wewe? Na hukuona haya?"

"Niliona, mama. Lakini hawa wakienda, hiyo haya ndiyo itaniita tata asubuhi?"

Nilimwogopea, nasema kweli. Kisha mama akasukuma sahani yake mbele. "Niongezee," akasema. Kesho yake akarudi Gesima peke yake.

Juzi mazishini walitajwa ng'ombe wake, chai yake na nyumba yake ya matofali. Binti mkubwa, ambaye sasa ni mama, alisema sentensi moja tu: "Tata alipika, ndiyo maana mimi na dada yangu tulikulia nyumbani." Akaketi, na wanaume tukaangalia viatu vyetu.

Lakini mimi nabaki na jambo aliloniambia tukiwa wawili, akikoroga maharagwe. Alisema kila chungu kikiiva vizuri humuuma kidogo, kwa sababu mkewe alimpikia miaka yote na yeye hakumpikia hata siku moja. Basi, msomaji mwenzangu, usingoje kufiwa ndipo ujifunze. Pika leo jioni, wakati yule ambaye ungependa aonje bado yupo nyumbani.