Kizibo cha soda kilivyomponza dobi wa Mabawa

Saa kumi na mbili asubuhi, Mabawa, Tanga. Consolata Robert anapuliza mkaa ndani ya pasi, akitazama nje ya mlango. Samiha, binti wa jirani yake Semeni, anapita mbio na begi la shule.

"Muone anavyokimbia," anasema dobi huyu wa miaka thelathini na minne. "Wangu huyu hapa, sithubutu hata kumtuma chumvi."

Wake ni Precious, miaka saba. Amekaa mkekani, mbali na pasi. Ana kifafa, kama Samiha. Mama zao walipanga foleni moja kliniki. Mwaka jana dege la Samiha, kule kuanguka na kukakamaa, likakoma, la Precious likabaki.

"Nikisikia mtoto wa Semeni anacheka, roho inaniuma. Nilikuwa nakula sishibi."

Akamwendea. "Shoga, siri yako nini?"

"Mafuta ya bangi, mwaya. Analeta mtu wa bodaboda. Kizibo kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Consolata alipiga pasi mashati themanini kupata chupa yake. Ilikuja chupa ya soda, haina karatasi wala jina. Vidonge vya hospitali akavitupa chooni. Semeni hakutaja vidonge, mbona wake kapona? Akapima kwa kizibo cha ile soda.

Kumbe chupa ya Semeni ilikuwa ya dawa ya macho. Kizibo chake hakizidi ukucha.

Siku ya tatu Precious alilala hadi mchana, haamshiki. Ya nne likaja dege lisilokatika. Alilazwa siku tisa.

"Vidonge vya kifafa havikatizwi ghafla, dege hurudi na hasira," anasema muuguzi Dorkasi Timotheo, aliyempokea. "Ipo dawa iliyotokana na mmea huo, imepimwa, daktari huiandika kwa baadhi ya aina za kifafa tu. Hii ya chupa ya soda nani kaipima? Hatujui nguvu yake wala kilichochanganywa humo."

Semeni alikuja wodini na uji, akaangua kilio.

"Samiha hajaacha vidonge hata siku moja, Mama Precious. Navificha kwenye kopo la ubani. Niliogopa kijicho. Wenye nacho wangejua bado anakunywa dawa, wangesema hajapona."

"Nilitaka kummwagia uji wake," anasema Consolata, kisha anacheka. "Lakini kijicho alichokiogopa si ndicho changu?"

Mzazi mwenzangu, usipime dawa kwa mtoto wa jirani. Hujui ndani ya kopo lake mna nini.

Chupa zote mbili zilimwagwa. Leo kadi ya kliniki imetundikwa ukutani, na kila kidonge Consolata anakichorea alama ya mkaa kando ya kadi.

"Hodi! Umeshampa?" Semeni anaita mlangoni.

"Zamani! Wako je?"

"Kanywa kabla hajatoka, kabla wako hajaamka!"

Consolata anasonya. Januari anataka Precious aanze darasa la kwanza.

"Wivu sijaacha, nisikudanganye," anasema, akishika pasi. "Samiha ana miezi kumi na mmoja bila dege. Wangu wiki sita. Nitamfikia."