Sisimizi Kwenye Bafu la Kulow

Sisimizi ndio waliomuumbua Kulow.

Jumatatu moja asubuhi, binamu yangu huyu aliingia bafuni kwake, mtaa wa Bulla Iftin hapa Garissa, akatoka mbio kikoi mkononi.

"Weris! Wamerudi! Njoo uone, wamerudi!"

Weris, mkewe, akaja na kopo la majivu. Mtaro wa bafu ulikuwa mweusi tii. Sisimizi maelfu, wamejazana pale pale ambapo Kulow hukojoa alfajiri kabla ya kutawadha. Kwingine kote, hata mmoja hakuna.

Mtu mwenye akili angejiuliza, hawa wadudu wanafuata nini hapa?

Kulow hakujiuliza. Alivaa viatu akakimbilia kwa Daktari Olow.

Kabla sijaendelea, mniwie radhi mkiona namdharau huyu jamaa. Namdharau kweli. Baba yake na baba yangu ni ndugu wa tumbo moja, tumekua sahani moja, na bado nasema: fala wa kiwango cha Kulow hajawahi kuvuka daraja la Tana.

Haya, sikilizeni.

Kulow ana miaka thelathini na sita. Anauza paneli za sola na betri pale soko la Suuq Mugdi. Mtu wa tumbo, mtu wa chai ya maziwa, na chai yenyewe isipokuwa na sukari ya kushikamanisha midomo anairudisha jikoni.

Alichelewa kuoa. Mwishowe akampata Weris, binti wa Mzee Abkul wa Masalani. Msichana mtulivu, mrembo, na ana akili ya kuwatosha wote wawili.

Sasa kwetu, bwana na bibi harusi hukaa ndani siku saba. Hawatoki. Chakula wanaletewa. Siku ya saba, kina mama wa upande wa bibi harusi wanakuja na ubani na vigelegele kuwatoa.

Walikuja. Vigelegele vilisikika hadi barabarani.

Mama mmoja akamtazama Weris usoni, akamuuliza kwa jicho tu. Weris akatikisa kichwa.

Vigelegele vikakatika papo hapo.

Siku saba, wallahi, na jogoo hakupanda mtungi hata mara moja.

Wiki zikapita. Hakuna kitu. Kulow akaanza kufungua duka kabla ya jua na kufunga wa mwisho, ili tu asikae nyumbani na mkewe. Mzee Abkul akasikia. Akatuma ujumbe wa heshima, lakini mkali: "Mwanangu Kulow, nakupa miezi mitatu. Nikija nikakuta binti yangu bado ni mgeni nyumbani kwako, utampa talaka yake vizuri, aende akaanze maisha."

Miezi mitatu. Na Kulow alimpenda yule mwanamke, hilo simnyimi. Alimpenda hadi akawa anatia huruma.

Angeenda hospitali? Thubutu! Alikwenda kwenye simu.

Huko Facebook akakutana na ukurasa wa Daktari Olow. Juu kabisa kuna tangazo, herufi kubwa: JE, ULIPIGA PUNYETO UJANANI? HIZI HAPA DALILI KUMI ZA MWANAUME ALIYEHARIBIKA.

Kiu isiyokatika. Kukojoa mara kwa mara. Uchovu. Kupungua uzito. Macho kuona ukungu. Ganzi kwenye miguu. Vidonda vinavyochelewa kupona. Njaa ya kila saa. Kuwashwa ngozi. Kupungua nguvu za kiume.

Kulow akajikagua, moja baada ya nyingine. Alikuwa na nane.

Jasho likamtoka. Akakumbuka bweni la sekondari kule Wajir. Akakumbuka ile miaka yake ya ukapera Liboi, analinda stoo ya bidhaa, peke yake na joto. Ndiyo, alikuwa na mchezo huo. Akajiona ameshajiua kwa mkono wake mwenyewe.

Jamani! Ungewapanga foleni wanaume wote wa soko letu waliowahi kufanya hayo, Kulow angepata nafasi ya mwisho kabisa, huko machinjioni. Na waliomtangulia wana watoto tisa tisa!

Alinionyesha ile simu dukani kwake.

"Abdisamad, ndugu yangu, soma. Ni mimi huyu. Wameniandika mimi."

Nikasoma. Nikamrudishia simu.

"Haya, nenda ukamwone," nikamwambia. "Inaonekana anajua kazi yake."

Akaenda.

Huyo Olow, msinichekeshe na jina la daktari. Nilimjua akiwa dalali wa mbuzi. Alichobadilisha ni koti tu. Alikuwa na chumba nyuma ya soko la mifugo, pazia la kijani, meza, na kipimo cha moyo shingoni ambacho sijawahi kumwona akikitia masikioni.

"Ulianza na umri gani?" akamuuliza Kulow.

"Kumi na sita."

"Ukaacha lini?"

Kulow akainamisha kichwa. "Nilipooa."

Olow akasonya, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kununuliwa. "Warya, umejimwaga mpaka umekauka. Mshipa umelala. Sasa ni kuujaza upya."

Na dawa? Asali, vijiko saba asubuhi, saba jioni. Tende zilizolowekwa kwenye maziwa ya ngamia, bakuli zima. Unga fulani wa kahawia wa kuchanganya humo. "Na chai usipunguze sukari," akamalizia. "Nguvu inataka utamu."

Kulow alifuata masharti hayo kuliko anavyofuata sharti lingine lolote duniani. Alilamba asali akiwa dukani mbele ya wateja. Alikula tende hadi fizi zikauma.

Na akazidi kukonda. Lile tumbo likaisha. Suruali akaifunga kwa kamba. Alikuwa akiweka mtungi wa maji chini ya kaunta, anaumaliza kabla ya adhuhuri, halafu ni mguu na njia kwenda chooni. Watu sokoni wakaanza kunong'ona kuwa ana ule ugonjwa mwingine.

Ndipo wakaja sisimizi.

Turudi basi kwenye ile Jumatatu. Kulow kafika kwa Olow anahema, kaeleza habari za bafuni. Olow hakubabaika hata kidogo.

"Hiyo ni mbegu yako inavuja na mkojo," akasema. "Wale wadudu wanakula watoto wako."

Kulow alilia. Mwanaume mzima, ndevu hizo, alilia mbele ya dalali wa mbuzi. Akaongezewa asali: kutoka vijiko saba hadi kumi na vinne, asubuhi na jioni.

Aliporudi nyumbani, Weris alikuwa amekaa kwenye mkeka anamsubiri.

"Kulow, nisikilize. Bibi yangu Masalani alifuatwa na sisimizi hivi hivi. Ilikuwa sukari. Tulichelewa, wakamkata mguu. Twende kwa Habaryar Anab akupime."

Anab ni mdogo wa mama yake Weris, muuguzi kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini.

"Unataka mama yako mdogo ajue mambo ya chumbani kwetu?" Kulow akafoka.

"Anayajua. Garissa nzima inayajua. Ambacho hatujui ni damu yako inasemaje."

"Mimi najua ugonjwa wangu. Nilijiletea mwenyewe."

"Ya Rabi, mwanaume huyu!" Weris akashika kichwa. "Dhambi utatubu, Mungu atakusamehe. Kwani kutubu kunakukataza kupimwa?"

Alikataa. Alikuwa radhi afe na aibu yake kuliko kutobolewa kidole na mkwe. Mkinieleza kiburi cha namna hiyo kinatoka wapi, nitashukuru.

Siku nne kabla ya Mzee Abkul kuja, Kulow alianguka dukani saa sita mchana, betri ya gari mikononi. Wakaniita mimi. Nikamkuta anapumua haraka haraka, macho yamegeuka, na mdomo unanuka matunda yaliyooza.

Tukambeba hadi kwa Anab. Hakuuliza maswali. Alimsogelea, akanusa pumzi yake, akamtoboa kidole. Ile mashine ya kupimia sukari haikutoa hata namba. Sukari ilikuwa imepita mwisho wa kipimo.

"Amekunywa nini huyu?" Anab akauliza.

"Asali," Weris akajibu. "Ya kujaza mshipa."

Anab alimtazama Kulow kitandani, akafyonza kwa hasira. Halafu akafanya kazi: maji ya mshipani, insulini, simu kwa daktari, gari la wagonjwa likasimama nje tayari. Jioni Kulow akafumbua macho. Asubuhi yake akaweza kuketi.

Anab akavuta kiti.

"Kulow, una kisukari, na unacho muda mrefu. Hicho ndicho kimekuumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Hicho ndicho kimekulaza chumbani. Punyeto haimfanyi mtu hivi."

Unadhani fala alishukuru? Alibisha! Akiwa na sindano mkononi!

"Hapana, Habaryar. Mimi nilisoma. Dalili zote zimeandikwa." Akachukua simu mezani, akaanza kusoma kwa sauti. Kiu isiyokatika. Kukojoa mara kwa mara. Uchovu. Kupungua uzito. Macho kuona ukungu.

Anab akamnyang'anya simu. Akasoma mwenyewe. Kisha akainua macho ukutani, nyuma ya bega langu.

Pale ukutani kulikuwa na bango la ugonjwa wa kisukari. Picha ya mtu anakunywa maji, na chini yake dalili kumi.

Zile zile. Kwa mpangilio ule ule. Hata neno "ukungu".

"Subhanallah," Anab akasema polepole. "Kuna mtu alisimama hapa hapa, akanakili bango langu, akafuta kisukari akaweka punyeto. Mtu wa aina gani anafanya hivi?"

Kulow alisoma ukuta. Akasoma simu. Akasoma ukuta tena. Weris akaziba mdomo kwa shungi.

Mtu wa aina gani? Nitawaambia.

Ni mimi.

Olow alikuwa ananilipa nimwandikie matangazo, maana Kiswahili changu kimenyooka. Siku ya tangazo lile nilikuwa nimemleta binti yangu chanjo, kwenye kituo hicho hicho cha Anab. Foleni ndefu. Olow akapiga simu, anataka dalili za kutisha kabla ya saa saba. Nikaangalia ukutani, nikaona orodha imeshatengenezwa, nikapiga picha. Kazi ya dakika tano.

Kulow aliponionyesha ile simu dukani, nilitambua maneno yangu. Nilijua ni orodha ya nini. Na nilimwona, kakonda, anameza maji bila kupumzika. Nikaona haya kusema. Nikajiambia, asali haijawahi kuua mtu.

Hata pale kitandani sikusema. Niliangalia ukuta pamoja nao, nikatikisa kichwa, eti nashangaa.

Siku ya kikao ikafika. Kulow ameruhusiwa jana yake tu, amekaa kwenye jamvi, mifupa mitupu. Mzee Abkul na wazee watatu mbele yake. Kina mama na Weris nyuma ya pazia.

Mzee mmoja akaanza: "Tumesikia mjini kwamba kijana alijimaliza mwenyewe kwa tabia chafu. Ni kweli?"

Anab akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba ni sukari. Mzee akapunga mkono. "Wewe ni mama yake mdogo, unawafichia aibu."

Kulow angejitetea. Karatasi ya vipimo ilikuwa mfukoni. Aliinamisha kichwa, karatasi akaiacha humo humo.

"Basi mwachie binti yangu," Mzee Abkul akasema.

Kulow akafungua mdomo. Lilikuwa limebaki neno moja tu, na Weris angeondoka.

"Ngojeni!"

Sauti ilikuwa yangu. Sijui niliitoa wapi. Nikasema yote, bango, picha, Olow, ile siku dukani. Niliongea nikitazama jamvi.

Mzee Abkul akaniuliza taratibu, "Ulijua orodha ile ni ya sukari?"

"Ndiyo, adeer."

"Na ukamwacha ndugu yako anywe asali?"

"Ndiyo."

Kulow aliniangalia, na heri angenipiga.

Weris akamwambia baba yake kutoka nyuma ya pazia, bila kuulizwa, sauti kavu: "Aabo, mimi siendi popote. Mume wangu ana ugonjwa, na ugonjwa wake una dawa. Huyo binamu yake ndiye sijui atapewa dawa gani."

Nikaambiwa nitoke. Nikatoka.

Leo ni mwezi wa saba tangu kikao kile. Kulow anajichoma insulini, anakunywa chai kavu na kukunja uso. Mambo ya chumbani kwao hayanihusu tena. Ninachojua ni kwamba Weris hajarudi Masalani. Olow alihama usiku usiku, hata pazia aliliacha. Mimi nikikutana na Kulow ananijibu salamu kwa sababu dini inamlazimu, kisha anapita.

Niliwaambia fala wa kiwango chake hajavuka daraja. Nilikosea mtu.

Sasa wewe unayesoma hapa ukijificha chini ya shuka. Punyeto ni kati yako na Mola wako, malizana naye huko. Lakini kiu ikikuandama, mkojo haukuachi, na mambo ya ndani yamegoma, nenda ukatobolewe kidole, ukapimwe presha pia. Ni kidole tu, mwanaume.

Na dalili zikikutisha mtandaoni, jiulize ni nani kaziandika. Huenda ni mtu kama mimi, yuko kwenye foleni, ana haraka, na hakukufikiria hata kidogo.