Kuketi Kando ya Kitanda

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya misheni huko Kitui, Kasisi Mkuu alinipa Biblia, kengele ndogo ya shaba na ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevaa kola hata kwenye joto la Oktoba. Alinieleza kazi tukitembea. "Ukiingia wodini, piga kengele wanyamaze. Soma, hubiri kidogo, omba, toka. Usikae sana na mmoja, wengine wataona umewabagua."

Ndivyo ukasisi wa hospitali ulivyokuwa. Tulisimama katikati ya safu mbili za vitanda tukahubiri, na mgonjwa hakuwa na pa kukimbilia. Mama mmoja aliyetoka kufanyiwa upasuaji aliniambia, "Pasta, neno ni zuri, lakini hiyo kengele itanifungua nyuzi." Nikaanza kuiacha ofisini. Kasisi Mkuu aliona, akatabasamu.

Baadaye nilihamishiwa hospitali ya serikali upande wa Makueni. Sista inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi ya wanaume, alinipokea kwa maneno machache. "Hapa hatuna mimbari, Pasta. Tuna viti. Chukua kimoja."

Wagonjwa pale walikuwa wa kila dini, na wengine hawakuwa na yoyote. Mfanyabiashara Mwislamu kutoka Emali alipozidiwa, kazi yangu ilikuwa kumpigia simu imamu wa msikiti wake na kumpisha kitini. Asubuhi nilifuatana na madaktari walipopita kitanda hadi kitanda. Waliniuliza mgonjwa anaogopa nini, kwa kuwa mimi ndiye niliyepata muda wa kuketi naye. Kisha yakaja mafunzo ya tiba shufaa, ambayo ni kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, ili asiumie na asiwe peke yake. Katika utunzaji huo kasisi alihesabiwa kuwa mmoja wa wahudumu, pamoja na daktari na muuguzi.

Huko ndiko nilikokutana na Mzee Kimanzi. Alikuwa na saratani ya koo. Hakuweza kumeza hata mate yake vizuri, akilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini akili ilikuwa timamu.

"Nikuombee, Mzee?" nilimuuliza.

"Hapana. Nimeombewa mpaka nimechoka. Niitie Mwende."

Mwende alikuwa binti yake, mwenye hoteli ndogo ya chakula Mtito Andei. Alipoolewa na dereva wa lori bila idhini, baba yake alimwambia mbele ya wazee kwamba asikanyage boma lake hata siku ya kumzika. Sisi Wakamba tunaliita neno la namna hiyo kiumo, laana ya mzazi. Aliyelitamka ndiye pekee anayeweza kuliondoa, kwa kuchukua maji mdomoni na kumpulizia mtoto mikononi huku akimbariki. Akifa kabla ya hapo, laana hubaki, na watu husema hufuata hata wajukuu.

Nilimpigia Mwende simu. Nyuma yake nilisikia sahani na wanaume wakiitisha chapati.

"Amekuita yeye," akauliza, "ama ni wewe unataka tupatane?"

"Mimi nilitaka kumwombea. Akakataa, akakutaja wewe."

"Nakuja. Lakini akinikatalia mbele ya wagonjwa, Pasta, utanitoa kwa mlango gani?"

Alifika kesho yake mchana, akasimama mlangoni, akishika mkoba kwa mikono miwili. Mzee alimwona. Akanyoosha kidole kwenye jagi la maji.

Sista inchaji akawahi kulishika. "Maji hapana. Akipaliwa hapa nitamwambia daktari nini? Kwamba ilikuwa baraka?"

"Sista," mzee akasema, "mimi nakufa. Unaogopa nini zaidi?"

"Naogopa ufe ukikohoa mbele ya mtoto wako. Huo ndio mwisho unataka akumbuke?"

Mzee alifumba macho. Sista na Mwende wakanitazama mimi. Nilijua wachungaji ambao wangesema hayo ni mambo ya mizimu, tusome Zaburi tumalize. Nikamuuliza sista ni nini kinachowezekana.

Alifikiri, kisha akaenda kwenye toroli, akarudi na pamba ile anayotumia kusafisha vinywa vya wagonjwa. Akailowesha, akaikamua, akampangusa mzee midomo na ulimi. "Usimeze. Puliza tu." Mimi nikamwinua mabega ili kifua kipate nafasi.

Mwende akapiga magoti, akafungua viganja. "Nau," akamwita baba kwa Kikamba, "niko hapa."

Mzee akapuliza. Ilitoka pumzi zaidi kuliko maji. Akapumzika, akapuliza tena.

"Nililosema nimelirudisha," akasema. "Ishi na watoto wako. Uje nyumbani. Utanizika."

Wiki hiyohiyo Mwende akamzika.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaosomea ukasisi wa hospitali, wenye vyeti ambavyo sisi hatukuwa navyo, hunitembelea na kuniuliza niliomba sala gani siku ile. Nawaambia sikuomba kwa sauti. Mwende alipotoka wodini baada ya baraka ile alikaa kwenye benchi la korido, viganja vikiwa wazi mapajani, hataki vikauke wala viguse kitu. Mtu alimletea chai. Akaitazama, akanitazama, akacheka kidogo katikati ya machozi.

"Pasta, nishikie."

Nikaketi karibu naye, nikamshikia kikombe akanywa, polepole, mpaka chai ikaisha.