Kete Isiyoitwa Haisogei

Waliotengeneza ile kona ya mjini nadhani walitaka tupumzike. Waliziba njia ya magari, wakaweka viti vya zege, kisha wakatandaza chini vigae vikubwa vya simiti, chekundu, cheusi, chekundu, cheusi, kila kimoja kikitosha miguu miwili. Sasa wewe unawawekea vijana wa Eldoret ubao wa drafti wenye ukubwa wa chumba, halafu unatarajia wakae tu wale chapati?

Hata wiki haikuisha. Tulichora mpaka kwa chaki, tukawa kete sisi wenyewe, watu wa miaka ishirini na kitu wenye kazi na vitambulisho. Sita kwa sita. Mchezaji anapanda juu ya kiti na kuziita kete zake. Sheria moja tuliilinda kwa ukali: kete haisogei mpaka mwenyewe aiambie kwa mdomo. Kidole hakihesabiki, kwa sababu kuna fundi wa simu aliyekuwa akionyesha kwa kidole, na akiona ataliwa anaapa alikuwa anafukuza nzi.

Sheria hiyo ndiyo iliyonitia shetani. Baba yangu hakuwa ameniongelesha kwa miezi mitano, tangu nilipoacha ukarani kwenye ofisi ya wanunuzi wa mahindi nikaanza kupaka watu rangi ya kucha. Nyumbani kwetu Langas kila kitu kilipitia kwa mama: "Mwambie huyo mtu anipitishie chumvi." Huyo mtu ameketi mbele yake, wanatazamana. Mara nyingine nilicheka, lakini iliniuma sana. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake wa kupiga naye stori. Niliitaka sauti yake, hata ikija na matusi.

Baba ni fundi wa kufuli, na hajawahi kupita watu wanaocheza drafti ya vifuniko vya soda bila kuwasahihisha. Basi Jumamosi moja mchana, alipofunga kazi, niliwatuma wenzangu wamwalike acheze na mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa ametushinda sote. Alipanda kiti kifua mbele. Hapo nikatoka nilikojificha, nikasimama kwenye kigae cha pembeni, upande wake, nimevaa uso wa kanisani.

Aliniona. Kushuka angeshuka vipi, na watu wamejaa? Akafanya jambo ambalo sikulifikiria kabisa: akacheza bila mimi. Aliwaita wale watano wengine, akawatuma huku na huku, wakala wanne, wakaliwa wote. Mzee yule alikuwa tayari kupoteza jeshi zima ili asiniambie neno.

Nikabaki peke yangu. Mwanafunzi wa uuguzi alikuwa na kete mbili, na zilikuwa zimekaa vizuri mno: ningezila zote mbili kwa mpigo na mchezo uishe. Baba akanyoosha kidole. Watu wakapiga kelele.

"Aii Mzee, kidole haitambuliki!"

"Mwambieni huyo mtu asonge," akasema.

"Hapana! Ongea na kete yako mwenyewe!"

Mimi nikaangalia kucha zangu, ambazo nilikuwa nimezipaka nyekundu makusudi. Baba akatazama ubao, akanitazama, akakohoa. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nina jina la marehemu mama yake. "Mama, kula huyo, halafu ule huyo mwingine."

Machozi yakanijaa. Wa kwanza nilimruka vizuri. Wa pili sikumwona kabisa, nikakanyaga kigae cha kando, na kete ikishakanyaga imekaa. Mwanafunzi wa uuguzi akanila papo hapo.

"Macho yako iko wapi?" baba akafoka, akishuka kitini. "Nakuambia kula wawili, unakula mmoja! Na hizo kucha ndio nini sasa?"

Alinigombeza hadi Langas, kwa miguu, maana kila gari liliposimama alikuwa hajamaliza kusema. Na kila alipoelekea kuishiwa na maneno, nilimuuliza kwa upole ni kigae kipi hasa nilichopaswa kukanyaga, akaanza upya.