Mzigo wa Kutoka Roma

Juzi, kwenye ofisi ya tiketi za ndege pale Posta, mwenye duka mmoja wa Kariakoo alikuwa akipanga safari ya Roma.

“Siku tatu hazitoshi, mzee,” karani alimwambia. “Kuna makanisa, masanamu, magofu.”

Sisi wa foleni tukadakia, tukaanza kumwagiza sabuni na dawa ya meno, maana siku hizi za uhaba madukani hakuna. Alitusikiliza wote, kisha akavua kofia.

“Samahanini, wanangu. Kijana wangu alienda kusomea upadri, wakamzika hukohuko. Nafuata udongo wa kaburi lake, nikauzike kwetu Kibosho, mama yake apate pa kulilia.”

Karani akaandika siku tatu. Tumezoea kumuuliza msafiri atatuletea nini; hatumuulizi anafuata nini.