Mpaka Nyumba ya Mwisho

Haitham hajawahi kupanda mti. Kwa mtu anayetembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, hilo ni jambo la kufichwa, naye amelificha miaka yote. Mgeni akitaka kuona karafuu inavyochumwa, Haitham husimama chini akaeleza kwa ufasaha, na mwenzake Munir ndiye anayekwea. Wageni wote hutazama juu. Hakuna anayemwona Haitham akitazama mizizi.

Baba yake alikuwa mchumaji. Alianguka kutoka juu ya mkarafuu akafa, Haitham akiwa bado ananyonya, na mama yake, Bi Mwanapili, akamlea kwa katazo moja tu: miguu yako isiache ardhi.

Mwaka jana alikuja mgeni kutoka Nepali, jina lake Pasang, ambaye kazi yake ni kuongoza watu milimani. Haitham alimpeleka Fumba kuona bahari. Maji yalipomfika magotini, yule bwana wa milima alimshika mkono akaung'ang'ania kama mtoto siku ya kwanza ya chuo cha Kurani. Haitham hakucheka. Urafiki wao ulianzia hapo, na mwezi uliopita ukaja ujumbe: njoo kwetu, uwe mgeni wangu, chagua safari moja kati ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ngazi za mawe na vijiji mpaka kilima cha Poon, mita elfu tatu na kitu. Ya pili ilifuata bonde la Langtang mpaka karibu na elfu nne, chini ya barafu. Ya tatu ilivuka Thorong La, kipito cha mlimani kilicho juu ya elfu tano, penye upepo na hewa haba. Pasang hakuficha: huko wako wanaorudi nusu ya njia, na wako wanaorudishwa.

Haitham aliusoma ujumbe ule barazani, Mji Mkongwe, mbele ya Munir.

"Wewe? Himalaya?" Munir alipiga makofi kwa kicheko. "Mtu wa Kiembe Samaki! Utagandishwa kama jodari wa kwenye friza!"

"Nnakwenda ile ya tatu," Haitham akasema.

Ulimi ulikuwa umetangulia. Tangu siku ile, akiwapandisha wageni darini kwenye nyumba za zamani, mkono wake ulitafuta ukuta. Alijikuta akisikiliza pumzi zake mwenyewe kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni asiyemjua. Lakini Pasang alishajibiwa, na Munir alishatangaza.

Ikabaki kuaga. Alizunguka kwa jamaa na majirani akiomba radhi, kama afanyavyo kila mtu anayekwenda mbali, na mwisho akafika kwa mama yake.

"Ni kutembea tu, mama. Vijiji kwa vijiji. Watu wa kule wanapanda ngazi za mawe na mizigo mgongoni."

Bi Mwanapili akamwekea mkono kichwani. "Radhi nshakupa, mwanangu. Kwa safari hiyo uliyonitajia."

Haitham akatoka. Radhi ile ilikuwa ya ngazi na vijiji. Haikuwa ya Thorong La. Huko juu, kwenye upepo, angekuwa amekwenda peke yake, bila neno la mama nyuma yake, na kama mguu ungeteleza ungeteleza juu ya uongo. Hofu ya kuanguka aliijua tangu utoto. Hii ilikuwa nyingine.

Ijumaa, baada ya sala, alirudi.

"Mama."

"Naam."

"Nlikudanganya. Nimechagua ile ya juu kabisa."

Bi Mwanapili alikuwa akipepeta mchele. Ungo ulisimama hewani. "Huko juu kuna nini?"

"Theluji. Mawe."

"Nyumba?"

Haitham alifikiri haraka. "Pasang anasema kipo kibanda cha chai pale pale kwenye kipito, mama. Wanawachemshia wasafiri."

"Nani analala humo?"

"Nadhani hakuna. Wanauza, wanashuka."

"Basi hiyo si nyumba, hilo ni genge." Akaurudisha ungo mapajani. "Baba yako naye alikuwa akiniambia matawi ya juu yana karafuu nzuri zaidi. Sikiliza, Haitham. Nnakupa radhi mpaka nyumba ya mwisho, pale mtu anapowasha moto na kulaza watoto wake. Ukipapita, mimi simo."

Haitham alikaa kwenye jamvi karibu na miguu ya mama yake, akamwandikia Pasang. Aliuliza jambo moja: nyumba ya mwisho ambamo watu wanalala, iko wapi? Pasang akajibu kwamba katika miaka yote hajaulizwa hivyo. Kisha akaandika: Langtang. Kijiji cha Kyanjin Gompa. Watu wanalala pale, na yaki wao, ng'ombe wa manyoya marefu, wako nje. Mbele ya hapo ni barafu.

"Ipo, mama. Chini ya ile niliyoisema, lakini si chini sana. Kilima cha Masingini ukikipandanisha zaidi ya mara thelathini."

Bi Mwanapili alikuwa akitafuta mawe kwenye mchele, na vidole vyake havikuwa vikiyaona.

"Munir atakucheka," akasema.

"Atanicheka."

"Na huko napo unaogopa?"

Haitham alitazama mikono yake. Simu ilikuwa imelowa jasho. "Naogopa, mama. Sana."

Akaandika Langtang, akaituma. Mama yake akamwekea tena mkono kichwani, na safari hii hakuuondoa.